Mzizi wa shan lang dang: nikiuchemsha, sumu itatoka?

SWALI: Mfamasia, nasoma Xining, China. Tumbo linanisokota mara kwa mara. Zahanati ya hapa waliwahi kunichoma sindano iliyoandikwa 654-2, likatulia. Sasa rafiki yangu wa bwenini kanipa vipande vya mzizi mkavu, shan lang dang, niloweke kwenye pombe. Anasema ndiyo dawa ileile. Nikiuchemsha kwanza, sumu itatoka?

JIBU: Itatoka, ndugu yangu. Itatoka kwenye mzizi iingie kwenye maji utakayokunywa. Pombe nayo huivuta vilevile. Usionje hata kipande.

Rafiki yako hajakudanganya kabisa. Mmea huo, Anisodus tanguticus, ni wa ukoo wa nyanya, mnavu na mnanaha. Huota nyanda za juu za Qinghai, Gansu na Tibet, mita 3,000 hivi na zaidi, na waganga wa Kitibeti wameutumia tangu zamani kutuliza maumivu. Wanakemia wa China walipata humo kemikali iitwayo anisodamini, wakaijaribu kwa wagonjwa Aprili 1965. Ndiyo maana ya 654: mwaka 65, mwezi wa 4. Iliyotoka kwenye mmea ikaitwa 654-1. Ya kutengenezwa maabara ni 654-2. Kwa hiyo sindano yako haikupita kwenye mzizi wowote!

Sindano ile ina kemikali moja, iliyopimwa kwa miligramu. Mzizi umebeba pia hayosiamini na skopolamini, ambazo huingia kwenye ubongo kwa urahisi kuliko anisodamini, na kiasi chake hubadilika kutoka mzizi hadi mzizi. Jicho halipimi hilo, wala ulimi.

Zote huzuia asetilikolini, ujumbe unaoamuru utumbo ukaze na tezi zitoe mate na jasho. Kidogo, msokoto unalegea. Ikizidi, mambo ni mengine. Nimemwona mtoto aliyetafuna mbegu za mnanaha: mboni zimepanuka kwenye mwanga mkali, ngozi ya moto bila tone la jasho, moyo mbio, mkojo umegoma, na vidole vinachuma hewani vitu asivyoviona mwingine.

Kama umeshakunywa, nenda hospitali sasa hivi, na mzizi uliobaki uende nao. Kama hujanywa, rudi zahanati wachunguze kwa nini tumbo linasokota, maana 654-2 ilituliza msokoto tu. Na ukiwa na glakoma (presha ya macho) au shida ya kukojoa, sema kabla hawajakuchoma nyingine.