Vichupa vya kumwaga kwenye tangi ninaviuza, ila wengi nawaambia wasinunue

Duka langu la spea liko Unga Limited, Arusha. Kwenye rafu ya nyuma ya kaunta kuna vichupa vya kila rangi: vya kusafisha nozeli (zile zinazopuliza mafuta kwenye injini), vya kuongeza oktani, vya kupunguza ulaji wa mafuta, na kimoja kinachodai kufanya yote hayo kwa mpigo. Vinalipa kuliko bidhaa nyingi zinazochukua nafasi kubwa dukani. Hata hivyo mteja akinyoosha kidole kwenye rafu ile, namuuliza kwanza ni gari gani na linasumbua nini. Wengi wanaondoka na plagi au filta ya hewa, wengine wanaondoka mikono mitupu, na mke wangu anasema biashara siijui.

Tuanze na oktani, maana huko ndiko hela nyingi zinakopotelea. Watu wanaamini petroli ya oktani kubwa ni safi zaidi na ina nguvu zaidi. Sivyo. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kugandamizwa bila kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Ikishindwa kuvumilia, injini inagonga, na utasikia ule mlio wa kama kokoto kwenye kopo, hasa ukikanyaga mafuta mlimani na gia kubwa. Injini ya turbo, yaani inayosukumiwa hewa kwa nguvu, au yenye mgandamizo mkubwa, inahitaji petroli mvumilivu. Isiyo na hitaji hilo haiongezewi kitu.

Sasa angalia magari yetu. Mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na Japani wana petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo oktani yake kwa kiwango chao haishuki chini ya 89, na ya juu, isiyoshuka chini ya 96. Vitz, IST, Raum na Probox zenye injini ya 1NZ-FE zilitengenezwa kwa ile ya kawaida. Petroli ya kawaida ya sheli zetu haiko chini ya hapo. Ukimlipia IST petroli ya bei ya juu kwa ajili ya oktani, unamlipia kitu ambacho hana pa kukiweka. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2016 kwa magari yaliyoundwa kutumia petroli ya kawaida, na hakikuona faida ya maana kwenye nguvu, ulaji wala moshi. Mwaka uliofuata wakapima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza petroli ya juu. Hapo ulaji ulipungua kidogo, kwa wastani asilimia 2.7. Piga hesabu ya tofauti ya bei mwenyewe.

Mwenye Forester ya turbo hayumo humo. Gari lile limeandikiwa petroli ya juu tangu kwao, na ukipata pampu yenye oktani kubwa, jaza bila kubishana na mtu. Kama hujui gari lako liko kundi gani, fungua kile kifuniko cha kujazia mafuta usome karatasi iliyobandikwa ndani. Ikiwa ni ya Kijapani, simu yako itakusomea.

Kuna wateja wa msimu, na hawa nawapenda kwa kweli. Desemba, ndugu zetu wa Dar wanapanda kwenda kuhesabiwa nyumbani, Machame, Marangu, Rombo, gari limejaa watoto, mabegi na magunia hadi juu ya keria. Wakifika huku wanalalamika: gari limelegea, halivuti, hii petroli ya kaskazini ina nini? Wanataka chupa. Petroli haina kosa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kila mzunguko, kwa hiyo inatoa nguvu pungufu. Na kwa kuwa mgandamizo ndani ya silinda nao umepungua, injini hiyohiyo inahitaji oktani ndogo zaidi kuliko ikiwa Kigamboni, si kubwa. Namwambia bosi pumzika, weka gia ndogo, zima kiyoyozi kwenye mlima. Ukirudi Chalinze gari litakuwa zima kabisa, na hakuna fundi atakayekuwa amelishika.

Vile vichupa vya kuongeza oktani vina ujanja wake wa maandishi. Kimeandikwa kinaongeza pointi 30, mtu anawaza anatoka 91 kwenda 121. Kwenye lugha ya vichupa, pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo 30 ni oktani 3, na hapo ni kama umefuata kipimo chao cha lita. Baadhi vina madini ya manganizi au chuma ndani yake, na ukivitumia sana plagi zinavaa utando mwekundu kama udongo wa Karatu. Hivi sivipendi, na nikiishiwa siagizi haraka.

Visafishaji vya nozeli ni habari nyingine. Kipo kinachofanya kazi: chenye kemikali ya polyetheramine, ambayo kwenye lebo mara nyingi huandikwa PEA. Hiyo kweli inaondoa uchafu kwenye nozeli na kwenye valvu za kuingizia hewa. Kama kichupa hakitaji kilichomo, au ni maji mepesi ya bei ya kutupa, aghalabu umenunua kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa chenye picha ya gari la mashindano. Ukipata chenye PEA, kimwage kabla hujajaza tangi, tembea safari ndefu, tuseme Arusha hadi Moshi na kurudi, na ufanye hivyo ukikaribia kumwaga oili, kwa sababu kiasi fulani hupenya kikaingia kwenye oili. Chupa moja kwa muda mrefu inatosha.

Wenye Noah za D-4 wanisikilize hapa. Injini ya 1AZ-FSE inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia. Kaboni inayojijenga kwenye valvu hizo haitaguswa na chupa yoyote ya tangi, hata iwe na PEA ya kuogelea. Nozeli zitasafika, valvu hapana. Dawa yake ni kufungua manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, na kusafisha kwa mkono, na fundi mzoefu anajua.

Kama gari linamisi, linatetemeka kwenye taa nyekundu au taa ya cheki injini imewaka, peleka kupima kwa kompyuta kwanza. Mara nyingi ninachokiona ni plagi zilizochoka, koili moja iliyokufa, throto iliyojaa masizi, au filta ya hewa iliyomeza vumbi la barabara ya kijijini hadi ikawa kahawia. Na plagi feki za iridiamu zimejaa mjini. Bei ikiwa tamu mno, iache.

Limebaki suala la mafuta yaliyochakachuliwa, maana kuna wanaonunua chupa kama kinga. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashuka oktani vibaya, na hakuna kichupa cha kuiokoa. Hali imekuwa bora kuliko zamani: mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kemikali ya kuyatambua, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, tamaa ya kuchanganya ikapungua. Lakini kama gari lilikuwa zima, ukajaza, na baada ya kilomita chache likaanza kugonga au kuzimika, usimwage dawa juu yake. Paki, mwambie fundi atoe sampuli kwenye chombo kisafi cha kioo. Kama kuna maji, utayaona yametulia chini. Risiti ya EFD usiitupe, ina jina la kituo, tarehe na saa, na bila hiyo EWURA hawana pa kuanzia malalamiko yako.