Mbegu zikioshwa maabara, DNA yake inapona?

SWALI: Daktari, mimi na mke wangu tunajiandaa kwa utungisho wa nje ya mwili. Idadi na mwendo wa mbegu zangu viko sawa, ila kipimo cha DNA kimesoma asilimia 34 ya mbegu zenye DNA iliyokatika. Tumeambiwa mbegu zitaoshwa kwanza. Kuosha huko kutairekebisha DNA, au kutaiumiza zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna namna ya kuosha inayounga DNA iliyokwisha kukatika. Mbegu iliyokomaa imeifunga DNA yake kwa kuibana mno na karibu haina tena uwezo wa kujitengeneza. Kazi hiyo huachiwa yai, nalo lina kikomo chake, hasa umri wa mama ukisogea. Maabara inachofanya ni kupepeta. Na ungo mbaya huvunja hata punje nzima.

Tuanze na njia ya zamani. Shahawa huchanganywa na kimiminika cha kuoshea, husokotwa (huzungushwa kwa kasi) kwenye mashine, mbegu zikakusanyika chini kama donge. Humo mbegu nzima hubanwa pamoja na zilizokufa na seli nyeupe za damu, zinazomwaga kemikali kali za oksijeni. Majimaji ya shahawa, ambayo ndiyo ngao yao, yamekwisha kumwagwa. Watafiti Aitken na Clarkson walilionya jambo hili tangu 1988. Kwa mtu mwenye asilimia 34, njia hii tungeikataa moja kwa moja.

Njia inayotumika sana ni ya tabaka. Kwenye tyubu huwekwa mililita 1 ya kimiminika kizito cha asilimia 80, juu yake taratibu mililita 1 ya asilimia 40, kisha mililita 1 ya shahawa zilizokwisha kulainika. Husokotwa kwa nguvu ya g 300 hadi 400, yaani mara 300 hadi 400 ya mvutano wa dunia, dakika 15 hadi 30. Mbegu zilizokomaa vizuri ni nzito, hivyo hupenya hadi chini. Zilizolegea na uchafu hunasa juu. Mbegu za chini huoshwa mara mbili kwa g 200.

Makosa hutokea hapa. Fundi akimimina haraka, mstari kati ya tabaka mbili unapotea na kichujio hakipo tena. Akipitisha pipeti ileile katika uchafu wa juu ili afikie mbegu za chini, ameurudisha alikoutoa. Halafu kuna anayenakili mizunguko kwa dakika kutoka maabara nyingine: mkono wa mashine yake ukiwa mrefu zaidi, mizunguko ileile huzaa nguvu kubwa zaidi. Kinachohesabika ni g.

Njia ya tatu, kuogelesha mbegu, ni ya upole zaidi. Mililita 1 ya shahawa hufunikwa na mililita 1.2 ya kimiminika, tyubu inalazwa nyuzi 45 kwa saa 1 katika joto la 37°C, kisha mililita 1 ya juu huchukuliwa. Zilizofika huko zimejipeleka zenyewe, na kwa kawaida DNA yake ni nzuri zaidi. Mavuno ni madogo, kwa hiyo mwenye mbegu chache haimfai.

Kwa wanaume wengi tabaka nazo hushusha kiwango cha mkatiko, lakini kwa baadhi hakishuki, au hupanda. Ndiyo maana tunashauri muombe sampuli moja ipimwe kabla na baada ya kuandaliwa, kwa kipimo kilekile, kabla ya siku ya kutoa mayai. Ulizeni pia mbegu zikishaandaliwa hukaa muda gani. Zikisubiri saa nyingi katika 37°C, DNA huendelea kukatika hata kama zilisafishwa vizuri.

SWALI: Kliniki inatushawishi kulipia kifaa cha plastiki chenye vijitundu ambacho hakisokoti mbegu. Kina maana?

JIBU: Kina maana kwa DNA. Shahawa huwekwa upande mmoja, mbegu zenye nguvu hupenya utando hadi upande wa pili kwa takriban nusu saa. Hakuna donge wala msukosuko, na zinazopatikana huwa na mkatiko mdogo sana. Lakini DNA safi maabara si sawa na mtoto mikononi: bado haijathibitishwa kwamba kila wenzi watafaidika. Kama kiwango chenu ni kidogo, pesa hiyo tungeibakiza mfukoni. Kama ni kikubwa na mimba zimekuwa zikiharibika, tungekifikiria.

SWALI: Mume wangu ajizuie kutoa shahawa siku ngapi kabla ya sampuli? Jirani anasema kumi ili mbegu zijae.

JIBU: Zitajaa, na zitachakaa. Mbegu zilizokwisha tengenezwa huhifadhiwa kwenye mrija nyuma ya korodani, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyoshambuliwa na kemikali zilezile za oksijeni. Siku 2 hadi 7 ni kanuni ya kupima shahawa. DNA ikiwa ndiyo tatizo, siku 1 au 2 zinatosha, mradi idadi inaruhusu. Akiacha sigara leo, asitegemee sampuli ya wiki ijayo: mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo zitakazotolewa wiki ijayo zilianza akiwa bado anavuta.