Kikombe ni cha Shule, Wewe Umebaki na Nini?

Kila mwaka tamasha la kitaifa la drama la shule likiisha, vijana na wazazi wao huniandikia. Haya ndiyo maswali ya safari hii.

Nilitajwa mwigizaji bora katika kaunti. Nimemaliza kidato cha nne, cheti kiko kabatini, na hakuna aliyenipigia simu. Nifanyeje? (Kijana, Nakuru)

Pole, lakini usisubiri simu. Kikombe kilibaki ofisini kwa mwalimu mkuu; wewe ulitoka na watu uliofahamiana nao. Yule mwelekezi wenu, je, alikuwa mwalimu? Mara nyingi huwa ni msanii anayelipwa kuja kufundisha mchezo. Mtafute kabla ya Januari, mazoezi hayajaanza, umwambie uko tayari kumsaidia. Mwaka wa kwanza unaweza kukubali nauli na chakula. Wa pili, taja bei.

Kuna pia vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya fasihi. Waigizaji wengi wa Nairobi walionja malipo yao ya kwanza huko. Asubuhi mko Thika, alasiri Machakos, jukwaa ni meza za bwalo zilizounganishwa, na mbele yenu wamekaa watahiniwa wanaokijua kitabu kuliko nyinyi. Ruka mstari mmoja uone: watakusomea kwa sauti, bwalo zima.

Binti yangu hapandi jukwaani, kazi yake ni kubeba vifaa tu. Si anapoteza muda? (Mama, Kakamega)

Mama, mimi nilianza kwa kubeba mlango. Mlango wa mbao, tuliufunga juu ya basi la shule kwa kamba ya katani. Tulipofika bawaba moja ilikuwa imeng'oka, nikaishona kwa waya wa uzio dakika chache kabla ya kuitwa. Mwelekezi wa shule nyingine alikuwa amesimama pale akinitazama. Miaka miwili baadaye aliniita nimjengee jukwaa, kwa pesa. Waigizaji ni wengi mno. Mtu wa taa, maleba na jukwaa anayefika mapema hatafuti kazi muda mrefu.

Niliandika shairi la kikundi, shule yangu ikaipa shule jirani shairi hilo bila kuniuliza. Ni sawa? (Mtunzi, Kitui)

Si sawa. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ni yako tangu ulipoliandika, maadamu hukuagizwa wala kuajiriwa na shule kuliandika, wala hukutia sahihi mkataba wa kuiuza, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kulisajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si lazima, ila kutakufaa mkibishana. Anza kwa kuzungumza na mwalimu kwa upole, mswada wenye tarehe ukiwa mkononi.

Mchezo wetu unawagusa wakubwa. Tutafika mbali kweli? (Kidato cha tatu, Kisii)

Waulizeni wasichana wa shule ya Butere Girls. Mwaka 2013 mchezo wao ulipigwa marufuku, mahakama ikauruhusu. Mwaka 2025 mahakama iliruhusu mwingine, lakini kule Nakuru wasichana waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani, huku nje polisi wakirusha vitoa machozi. Nchi nzima ilijua jina la mchezo ambao haikuuona. Andikeni, lakini kwanza mketi na wazazi wenu na mwalimu, kila mmoja ajue anachoingia.