Kuingia klabu ya kuwinda bata Arkansas

Kaka, umeuliza kama dola zako zitapotea ukijiunga na wenzako wa kazini wanaokodi shamba la mpunga kuwinda bata kule Arkansas, jimbo la Marekani. Inategemea maji. Mashamba yale hufurika kwa mvua au kwa pampu, na bila maji bata hawatui. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, soma mkataba: nani analipia mafuta ya pampu? Mwenye shamba akikataa kufungulia maji, mnarudishiwa pesa? Mgeni wako anaruhusiwa siku ngapi? Ugomvi mwingi ninaoujua ulianzia kwa wageni, na kwa nani alale kitandani na nani awahi kibanda kizuri cha kujifichia alfajiri.

Klabu haikupi kibali cha kuwinda. Leseni ya jimbo ni yako mwenyewe, na stempu ya bata, yaani kibali cha serikali kuu cha kuwinda bata, dola 25, pia ni yako. Usibebe marisau ya madini ya risasi. Kwa bata yalipigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, tumia ya chuma. Bunduki isishike zaidi ya risasi tatu. Kiwango cha siku ni bata sita kwa kila mtu, na huwezi kuwapiga bata wa fungu la mwenzako aliyelala.

Na buti za maji nunua nzuri. Januari tope lile lina baridi ya kukata vidole.