Wasomaji Wauliza: Marseille, Chakula, Sabuni na Miamba

*Nimeona bouillabaisse, ile supu ya samaki ya Marseille huko Ufaransa, inauzwa euro 25 mahali pamoja na zaidi ya 70 mahali pengine, mji uleule. Ni utapeli au kuna tofauti ya kweli? — Msomaji, Dar es Salaam*

Tofauti ni samaki. Mwaka 1980 baadhi ya wenye migahawa wa Marseille walitia saini mkataba unaosema bouillabaisse iwe na angalau aina nne za samaki kutoka orodha maalumu: rascasse (samaki mwekundu mwenye miiba), saint-pierre, baudroie, grondin, mkunga na wengine wachache. Rojo lenyewe hupikwa kwanza kwa samaki wadogo wa miambani, vitunguu, nyanya, shamari, zafarani na mafuta ya zeituni, kisha huchujwa. Lazima lichemke kwa moto mkali, maana ndio unaofanya mafuta yashikane na maji. Moto ukiwa mdogo mafuta huelea juu na rojo hubaki jepesi.

Huletwa kwa awamu mbili. Kwanza rojo, pamoja na mkate mkavu unaosuguliwa kitunguu saumu na kupakwa rouille, sosi ya kitunguu saumu, pilipili na zafarani. Halafu samaki wazima, ambao mhudumu huwaonyesha mezani kabla ya kuwachambua mbele yako. Mgahawa makini mara nyingi hutaka uagize siku moja au mbili kabla, na wengi hawapiki chini ya watu wawili. Ile ya euro 25 kwenye ubao wa picha pale Vieux-Port, bandari ya zamani katikati ya mji, kwa kawaida ni supu iliyotupiwa minofu ya barafu.

Ukiwa peke yako, achana nayo. Agiza *soupe de poissons*: rojo la aina hiyohiyo, mkate uleule, rouille ileile, kwa sehemu ndogo ya bei. Kama ni lazima ule yenyewe, panda basi namba 83 kutoka Vieux-Port hadi Vallon des Auffes, bandari ndogo ya wavuvi chini ya daraja, uketi Chez Fonfon. Na uangalie saa: jikoni nyingi hufungwa kama saa nane mchana, na hazifunguliwi tena mpaka saa moja na nusu jioni. Ukifika saa kumi utaambulia kahawa.

*Sisi ni Waislamu, tunasafiri na watoto. Halali ipo? Na ni kweli kuna Wangazija wengi huko? — Mama wa watatu, Mombasa*

Ipo tele, mama, na pa kuanzia ni Noailles, hatua chache kutoka Vieux-Port. Metro ya mstari wa 2 ina kituo chenye jina hilohilo. Ukitoka tu utakutana na soko la Capucins, linalofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Wanaokunong'onezea majina ya sigara pale mlangoni wanauza za magendo. Pita tu, na mkoba uwe mbele yako. Kwenye Rue d'Aubagne kuna wauza nyama wa halali na migahawa ya Kitunisi. Waagizieni watoto brik (mfano wa sambusa ya kukaanga), na nyinyi mle *lablabi*: dengu zilizochemshwa, humiminwa juu ya vipande vya mkate, zikatiwa bizari ya pilau, harissa (rojo la pilipili) na yai. Chez Yassine inajulikana kwa hiyo, na mchana foleni haikosi.

Tahadhari zaidi kwenye vyakula vya Kifaransa vinavyoonekana salama. *Pieds et paquets* ni miguu na utumbo wa kondoo, lakini kwa desturi hupikwa kwa divai nyeupe na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. *Daube* ni ng'ombe, ila amelala ndani ya divai nyekundu. Hata kwenye supu ya samaki ulizeni kama imetiwa divai au pastis, pombe yenye ladha ya anisi. Maji ya bomba ni bure: semeni *une carafe d'eau*, la sivyo mtaletewa chupa ya kulipia.

Wangazija ni wengi kweli. Marseille ni moja ya miji yenye Wakomori wengi zaidi nje ya visiwa vyao. Katika vibanda vyao mtakuta mataba, yaani kisamvu cha nazi, na mabawa ya kuku ya kuchoma, yanayoandikwa *mabawa* vilevile kwenye ubao. Hapo hamhitaji mkalimani.

*Nilisikia L'Estaque, mtaa wa ufukweni wa Marseille, wanauza panisse, vile vipande vya unga wa dengu vya kukaanga. Naweza kuzipika nyumbani? — Msomaji, Tanga*

Bila shaka, kwa unga uleule wa dengu tunaopikia bajia. Chukua gramu 250 za unga, lita moja ya maji, kijiko cha mafuta ya zeituni na chumvi. Vuruga unga katika nusu ya maji yakiwa baridi. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka utapata madonge yasiyovunjika. Chemsha nusu iliyobaki pamoja na mafuta na chumvi, mimina uji ule, usonge kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka uanze kuachia sufuria. Ujaze kwenye vikombe au sahani bapa zilizopakwa mafuta, uache upoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha kwenye friji. Hapa ndipo wengi huharibu: panisse ya vuguvugu hufumukia kwenye mafuta. Kata unene wa sentimita moja, kaanga mafuta yakiwa na moto mkali, nyunyiza chumvi na pilipili manga ukiitoa.

Pale L'Estaque huuzwa kwenye vibanda vya ufukweni, sambamba na *chichi frégi*, donge refu la unga la kukaanga lenye harufu ya maua ya mchungwa. Basi namba 35 hufika kutoka Joliette. Majira ya joto kuna pia boti kutoka Vieux-Port, na boti ndiyo safari yenyewe.

*Sabuni ya Marseille ya kweli naijuaje? — Msomaji, Kampala*

Soma viambato. Sabuni ya asili ni mche wa kijani (mafuta ya zeituni) au mweupe wa maziwa (mawese na nazi), umepigwa mhuri wa 72%, kiwango cha mafuta. Haina manukato wala rangi. Zile za zambarau na waridi zinazonukia lavenda ni sabuni tu kama nyingine. Jina lenyewe halitoshi, kwa sababu sabuni za jina hilo hutengenezwa pia nchi za mbali. Tafuta Le Sérail, Fer à Cheval, Savonnerie du Midi au Marius Fabre wa Salon-de-Provence. Maison Empereur, duka la vyombo la tangu 1827 pale Noailles, ni mahali pazuri pa kununulia, ingawa utatoka na sufuria usiyoipangia.

*Tunataka kuogelea Calanques, zile ghuba nyembamba za miamba, mwezi Julai bila gari. — Wanafunzi wawili, Nairobi*

Inawezekana, kwa masharti. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30 njia za miambani zinaweza kufungwa kwa hatari ya moto. Uamuzi wa kesho hutangazwa jioni, nanyi mtauona kwenye programu ya Mes Calanques. Ghuba ya Sugiton, inayofikika kwa urahisi zaidi, wakati wa joto inahitaji nafasi iliyowekwa mtandaoni. Ni bure, lakini idadi ni watu 400 kwa siku, na askari hukagua. Pandeni basi B1 kutoka Castellane hadi mwisho, Luminy, kisha mtembee kama saa moja kushuka. Kurudi ni mlima, juani, na hakuna bomba wala duka: lita mbili za maji kwa kila mtu. Mawe ya chokaa ya njiani yamelainishwa na nyayo na huteleza, hivyo ndala ziacheni kwenye mkoba. Moto na sigara ni marufuku.

Upepo wa mistral, ule mkali wa kutoka kaskazini, ukivuma, hata boti za Château d'If, ngome ya kisiwani, hushindwa kutia nanga. Siku hiyo nendeni makumbusho ya MuCEM: ngome ya Saint-Jean na bustani zake ni bure, na daraja la mita 115 linawavusha juu ya maji hadi kwenye paa la makumbusho. Ila isiwe Jumanne, hufungwa.