Usisubiri Ushahidi Ukamilike: Kwa Walimu na Wauguzi Wapya wa Tanga

Ninyi mliopangiwa Tanga kwa mara ya kwanza, iwe ni katika shule za Makorora na Mabawa au katika zahanati za pembezoni kuelekea Tongoni na Pongwe, mtaelekezwa mengi katika majuma ya mwanzo, lakini wajibu wa kutoa taarifa za mtoto anayeteswa au kutelekezwa hutajwa kwa haraka kisha husahaulika. Naandika nikiwa afisa ustawi wa jamii ambaye amepokea taarifa za namna hiyo kwa miaka mingi. Nyingi kati ya zilizotufikia zimechelewa hazikucheleweshwa na woga. Zilicheleweshwa na mtu mwema aliyekuwa akitafuta uhakika ambao sheria haikumdai.

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inamtwika wajibu huo mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayeishi naye ana uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu au nafasi ya kucheza. Taarifa hiyo hupelekwa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Zingatieni kwamba kilichotajwa ni ushahidi au taarifa, kwa hiyo aliye na taarifa tu hana ruhusa ya kukaa nayo mpaka igeuke ushahidi. Zingatieni pia kwamba mzigo ameachiwa mwanajamii, wala si mkuu wa taasisi. Kumweleza mwalimu mkuu au mganga mfawidhi ni utaratibu mzuri, lakini jambo likilala mezani kwake, wajibu wako haujalala nalo.

Hapo penye maneno «ana uwezo lakini anakataa au anapuuza» ndipo watumishi wapya hukosea zaidi, na hukosea pande zote mbili. Mtakutana na mtoto anayefika shuleni bila kunywa chai, sare imechanika, alfajiri alikuwa ufukweni akiparua samaki ili apate kitoweo cha nyumbani, na mama yake anauza mihogo ya kukaanga mpaka usiku. Nyumba hiyo inahitaji msaada, na ni sahihi kabisa kumjulisha afisa ustawi kuhusu hali yake, lakini kumwandika mama huyo kuwa mtelekezaji ni kumwonea. Upande wa pili yupo mtoto aliyevaa vizuri, baba ana duka na pikipiki mbili, ila jeraha la mguu limeoza kwa sababu hakuna aliyempeleka hospitali, au yeye peke yake kati ya watoto wa nyumba ile ndiye asiyesoma, kwa kuwa aliletwa kutoka kijijini kuja kulea wadogo. Huyu wa pili hupita machoni petu bila kuonekana, kwa kuwa macho yetu yamezoea kutafuta matambara. Kabla ya kuandika neno «utelekezaji», jiulizeni mlezi angeweza kufanya nini na amefanya nini. Jibu likiwa halijulikani, andikeni mlichokiona na mwachieni afisa ustawi atembelee kaya.

Kwa makosa ya kujamiiana njia ni fupi zaidi, nayo huanzia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitalini kwa wakati mmoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo, na muuguzi asimwache mtoto kwenye benchi eti kwa sababu fomu ya polisi, yaani PF3, haijafika. Huku pwani tunaoneana muhali sana, na wazee wa pande mbili wanaweza kukaa kikao, wakapanga faini au hata ndoa, kisha wakakuomba wewe mwalimu uwe shahidi wa suluhu. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta kosa hilo.

Mtoto akianza kukusimulia, kazi yako ni kusikiliza, na kuuliza kidogo sana. «Ilikuwaje?» inatosha. Ukimuuliza «Ni mjomba, siyo?» umeshampa jibu, na mbele ya mahakama wakili wa utetezi atauliza jibu hilo lilitoka kwa nani. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu wawili, kwa maana huwezi kuitimiza ahadi hiyo. Mweleze kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Kisha kaa chini siku hiyo hiyo uandike tarehe, saa, mahali, alama ulizoziona na sehemu gani ya mwili, na maneno yake kama alivyoyatamka, hata yakiwa ya kitoto. Usiyasafishe. Usimwite mtuhumiwa kusikia upande wake, na usipige picha ukaituma kwenye kundi la walimu la WhatsApp, ambako baada ya dakika chache Ngamiani nzima itakuwa inamjua mtoto.

Karatasi hiyo ipeleke kwa mtendaji wa mtaa au kata, au moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii, na ubaki na nakala. Ikiwa mtendaji ni ndugu wa anayetuhumiwa, jambo ambalo katika mitaa yetu si la ajabu, nenda Dawatini au piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ambayo haitozi malipo. Kwa masuala ya matunzo, afisa ustawi anaweza kumwita anayelalamikiwa, kuzungumza naye na kutoa uamuzi unaozingatia maslahi ya mtoto. Akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani.

Hatutakueleza kila hatua, na ukimya wetu usiuchukue kuwa uzembe, ingawa wakati mwingine ni uzembe kweli na una haki ya kuja kuuliza. Wakati huo mtoto ataendelea kuja darasani au kliniki kwako. Mlezi akianza kumzuia kuja, akimhamisha ghafla, au ukiona jeraha jipya, hiyo ni taarifa nyingine: iandike upya kwa tarehe yake na uilete.