Mistari ya rangi kwenye kuta za Oldupai

Umeuliza mistari ile kwenye kuta za bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania (vitabuni wengi huandika Olduvai), imetokea wapi, na umri wake umejulikanaje. Ni matabaka ya udongo na majivu ya volkano yaliyotua moja juu ya jingine, kisha baadaye sana mto ukayakata yote hadi chini. La chini kabisa ndilo lililotangulia: limekaa juu ya lava nyeusi na lina karibu miaka milioni 2. Lile jekundu linalovuta macho ni la tatu kutoka chini.

Umri unatoka kwenye majivu, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Majivu yana fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo yake hugeuka gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Joto la volkano hufukuza gesi ya zamani, kwa hiyo hesabu inaanza upya siku ya mlipuko, na gesi iliyokusanyika tangu hapo ndiyo inayoonyesha muda uliopita. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1959 halikupimwa lenyewe. Yalipimwa majivu ya tabaka lake, na mwaka 1961 yakatoa miaka milioni 1.75.

Ila usihesabu umri wa tabaka kwa kimo chake ukutani peke yake. Bonde lina nyufa kubwa zilizoshusha ardhi upande mmoja, hivyo tabaka lilelile unaweza kulikuta chini zaidi mbele kidogo. Wanajiolojia hulitambua kwa aina ya majivu yake.